SDK ya bodi inagoma kwenye Ubuntu mpya? Mrejesho wangu wa kuijengea kontena (uzi mrefu, chukua chai)

#1 waya_mwekundu

Wakuu habari za saa hizi. Niliahidi kuleta mrejesho wa ile shida yangu ya SDK (kifurushi cha msimbo na vifaa ambacho muuza bodi anakupa ujengee programu ya bodi yake), leo umeme umetulia nimepata nafasi.

Kwa ambao hawakuwepo: tuna kaboksi ketu kanakaa kwenye pampu za visima, kanasoma mita kwa RS-485 (njia ya waya ya kuongea na vifaa) halafu kanatuma data kwa laini ya simu. Ndani kuna bodi ya ARM ya biti 32 kutoka China, kampuni siitaji. Ukinunua wanakupa linki ya kushusha SDK, ndani kuna U-Boot (inayoiwasha bodi), keneli 4.9 (kiini cha Linux), Buildroot ya 2018 (inayojenga Linux nzima ya bodi kutoka kwenye msimbo) na kompaila yao (inayogeuza msimbo kuwa programu). Basi, hapo mmeshaagana, hawajaigusa tena tangu siku hiyo.

Laptopu yangu ya zamani yenye Ubuntu 18.04 ilikuwa inabildi (inajenga) hiyo kitu bila maneno. Ikamwagikiwa chai (tusiongelee). Nikachukua nyingine mtumba ya Dubai, nzuri tu, nikaweka Ubuntu 22.04, nikafungua SDK, nikaandika make (amri ya kuanza kubildi) nikaenda kula. Narudi nakuta imekufa dakika ya tatu, hata keneli haijaigusa, imefia kwenye m4, kifaa kidogo cha mwanzo mwanzo:

`c-stack.c: error: missing binary operator before token "("`

Nikaingia gugo nikakuta ni glibc, maktaba ya msingi ya programu za Linux. Kuanzia 2.34 kile kitu SIGSTKSZ siyo namba kavu tena, na m4 1.4.18 haina habari hiyo. Nikaweka kiraka (marekebisho madogo ya msimbo). Ikasogea, ikafia kwenye fakeroot (inayojifanya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine), `_STAT_VER undeclared`, glibc tena hiyo. Kiraka cha pili. Ikasogea hadi keneli, nikafurahi, ikatema hii:

`multiple definition of 'yylloc'`

Hiyo ni GCC, kompaila ya laptopu yangu. Kuanzia GCC 10 ya 2020 walibadilisha tabia ya msingi, zamani ukitangaza kigezo kilekile kwenye faili mbili inakuunganishia kimya kimya, siku hizi inakataa. Kiraka cha tatu. Mwisho kabisa keneli imeisha, U-Boot imeisha, skripti yao ya kufunga imeji ya mwisho (faili la mfumo mzima wa bodi) inaanza na `print "packing..."`, Python 2 hiyo, na kwenye mashine yangu hakuna Python 2. Nikaangalia suruali yangu nikaona viraka vimekuwa vingi kuliko kitambaa.

Hapo ndio nikaamua kontena la Docker, yaani chumba kilichotengwa ndani ya mashine yako chenye programu za matoleo yake. Na ngoja niseme mapema maana najua wapo watakaosema ni fasheni: bodi yenyewe haina habari na kontena. Kontena ni la vifaa vya kubildia tu. Keneli inayoendesha mashine yako inabaki ileile, ila ukiingia ndani unakuta gcc 9, glibc 2.31 na Python 2 ipo, yaani umeingia chumba ambacho kalenda ukutani bado ni 2020. SDK ikiingia humo inajikuta iko nyumbani.

Dockerfile yangu (maelekezo ya kujenga chumba hicho) yote hii hapa:

```
FROM ubuntu:20.04
ENV DEBIAN_FRONTEND=noninteractive
RUN dpkg --add-architecture i386 && apt-get update && \
    apt-get install -y build-essential bc bison flex \
    libssl-dev libncurses5-dev python2 python-is-python2 \
    cpio rsync unzip wget file git locales \
    libc6:i386 libstdc++6:i386 zlib1g:i386
RUN locale-gen en_US.UTF-8
ENV LANG=en_US.UTF-8
WORKDIR /kazi
```

Mistari miwili ya kuelezea. Ule wa DEBIAN_FRONTEND usiuache, ukiuacha tzdata (pakeji ya majira ya saa) itakuuliza uko bara gani duniani halafu inasubiri jibu ambalo hakuna wa kulijibu, nilikaa nusu saa nikidhani ni intaneti. Na zile za i386 ni kwa sababu kompaila ya hawa jamaa ni programu ya biti 32. Ukiiita bila hizo inakujibu `No such file or directory`, wewe unafanya ls unaiona ipo, unafanya chmod, unaita tena, haipo. Unaweza ukachanganyikiwa. Kumbe kinachotafutwa siyo kompaila, ni ld-linux.so.2 ya kuianzishia, ndiyo haipo.

Nikabildi imeji ya kontena (chumba kizima kimefungwa, nikakiita bodi:2004), nikaingia ndani, nikaandika make kwenye SDK mbichi bila kiraka hata kimoja. Ikaisha. Sikuamini nikarudia.

Maswali karibuni, mengine nitajibu usiku.

#2 kisiki_pembeni

Naweka jamvi hapa. Ngoja wajuzi waje.

#3 MzeeWaSolda

Kijana, ule mstari wa yylloc kwenye dtc-lexer unaweka neno extern mbele yake, dakika moja umemaliza. Nyie vijana mtachukua kontena la futi 40 kubebea kiberiti.

#4 waya_mwekundu

@MzeeWaSolda shikamoo mzee wangu. Ni kweli ni dakika moja, na ingekuwa kiraka ni hicho kimoja nisingefungua uzi.

Ila angalia hivi. Mwenzangu tunayefanya naye hii kazi yuko Mwanza, mashine yake ni Ubuntu 24.04, yeye viraka vyangu vitatu havimtoshi ana vyake vingine. Kuna dogo anatusaidia yeye ni mtu wa Fedora (Linux nyingine). Kila mtu akishona kwake baada ya mwezi tuna SDK tatu, na box likizingua kule kisimani hatujui limetoka kwenye SDK ya nani. Shida iko kwenye mashine zetu lakini dawa tunamnywesha msimbo wa bodi. Mimi hapo ndipo napokataa. Msimbo wa bodi nataka ubadilike kwa sababu ya bodi tu.

#5 MzeeWaSolda

Marahaba. Hapo umenijibu. Endelea.

#6 Binti_wa_Feri

Asante kwa uzi kaka. Mimi nilijaribu mwaka jana nikaacha kwa sababu moja ya kijinga, kila nikibildi ndani ya kontena mafaili yakitoka nje yote ni ya root. Nataka kufuta folda ya output nakataliwa, kwenye laptopu yangu mwenyewe, naandika sudo kila dakika. Halafu nikaambiwa weka -u, nikaweka, nikaingia ndani nikakuta imeandika `I have no name!` nikajua nimeharibu nikafunga 😂

#7 waya_mwekundu

@Binti_wa_Feri dada hujaharibu kitu, ulikuwa umefika kabisa. Hiyo `I have no name!` maana yake ni kwamba umeingia na namba yako ya mtumiaji, tuseme 1000, na ndani ya kontena hakuna jina lililoandikwa kwa namba hiyo. Namba inatosha kubildi, jina ni heshima tu. Kinachouma ni HOME (folda ya nyumbani ya mtumiaji), kwa sababu mtu asiye na jina anapewa HOME ambayo hana ruhusa ya kuandika, programu nyingine zinagoma hapo. Mpe /tmp. Mimi natumia hivi:

```
docker run --rm -it -u $(id -u):$(id -g) -e HOME=/tmp \
  -v $PWD:/kazi -v $HOME/dl:/dl -e BR2_DL_DIR=/dl \
  bodi:2004 bash
```

Hiyo /dl ndiyo kipenzi changu. Buildroot inashusha vyanzo vya kila pakeji kutoka mtandaoni, ukiiacha itaviweka ndani ya mti wa SDK, siku unafuta mti upya umefuta na bando lako. Hapa vinakaa kwenye folda ya nje, kontena life, SDK ifutwe, vyanzo vipo. Kwa kifupi kanuni yangu: sufuria na mwiko ndani ya kontena, unga na kuni nje. Ukikuta umeweka msimbo wako ndani ya imeji kwa COPY ujue umeanza kupotea, kila ukigusa herufi moja unabildi imeji upya.

Na kama unatumia Podman (mbadala wa Docker) bila root, badala ya -u weka `--userns=keep-id`, inafanya kazi hiyohiyo kwa ustaarabu zaidi.

#8 pwani_bitbake

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Sisi hapa ni watu wa Yocto (nayo ya kujenga Linux za bodi kama Buildroot), kwa hivyo shida zetu ni kubwa zaidi na tunajivunia 😅

Kwa Yocto hili suala la root si la usafi tu, BitBake yenyewe (injini ya Yocto ya kubildi) hukataa katakata, inakwambia `Do not use Bitbake as root.` na inafunga mlango. Kwa hivyo lazima uwe na mtumiaji wa kawaida ndani. Pia ule mstari wa locale (lugha na herufi) ulioweka ndugu mwenye uzi usiuchukulie poa, bila UTF-8 BitBake haianzi. Kuna imeji tayari ya crops/poky ambayo imeshapanga hayo yote, ukiipa folda ya kazi inaangalia mwenye folda ni namba gani inajivika namba hiyo. Ila sisi tulihamia kas, ile iliyoanzia Siemens. Unaandika faili moja ya YAML, hapa nataka tabaka gani (kundi la maelekezo ya pakeji), toleo gani la kila tabaka, mashine gani, halafu `kas-container build` inavuta kontena na kila kitu. Mfanyakazi mpya akija siku ya kwanza ana faili hiyo na amri moja. Zamani tulikuwa na waraka wa kurasa tisa, na ukurasa wa sita ulikuwa uongo.

Tahadhari kwa wenye laptopu za RAM ya GB 8. Yocto huangalia una kori ngapi inafungua kazi nyingi kwa pamoja na kila kazi inafungua nyingine ndani yake, halafu ghafla:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Si kompaila imeharibika wala kontena. RAM imeisha, keneli imechagua wa kumuua. Angalia dmesg (kumbukumbu za keneli) utaona kaburi. Kwenye local.conf weka BB_NUMBER_THREADS iwe 2 na PARALLEL_MAKE iwe "-j 2", ongeza swap (nafasi ya diski ya kusaidia RAM), ulale. Asubuhi utakuta imeisha.

Na walio kwenye Ubuntu 24.04, mkiona BitBake inalalamika kuhusu user namespaces ni AppArmor (mlinzi wa ruhusa za programu) ya hiyo Ubuntu, wamekaza. Ipe BitBake ruhusa yake kwenye AppArmor, usizime yote.

#9 chuo_mwaka_wa_3

Wakuu samahani mi ni mwanafunzi, bodi yangu ni ESP32 tu na laptopu ni Windows. Hii ya kontena inanihusu au niendelee na maisha? Nimejaribu Docker Desktop na imeji ya espressif/idf (ya wenye ESP32) inabildi lakini kwanza ni sloo mno, mradi wa kuwasha taa tu mpaka nakunywa maji narudi, pili kuflashi (kuiandikia bodi programu) ndani ya kontena haioni COM3 (poti ya bodi yangu) kabisa.

#10 Binti_wa_Feri

@chuo_mwaka_wa_3 mdogo wangu usione haya, ESP32 ndiyo tulikoanzia wote.

Uzito ni kwa sababu mradi wako umekaa kwenye C:, siyo? Docker ya Windows inakaa ndani ya WSL2, ambayo ni Linux yenye diski yake. Kila faili linalosomwa kutoka /mnt/c linavuka daraja, na kubildi ni maelfu ya mafaili madogo madogo. Hamishia mradi ndani ya WSL, kwenye ~/ yako huko, utaona tofauti mwenyewe. Na siku ukija kugusa keneli ya Linux ndio usithubutu kabisa kuifungulia kwenye C:, mle ndani kuna xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c, ni mafaili mawili tofauti, Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, moja litamlalia mwenzake na unaweza usiambiwe.

Kuhusu kuflashi, ipo njia ya usbipd ya kuingiza USB ndani ya WSL, inafanya kazi, ila kwa nini ujitese? Bildi ndani, flashi nje. Ukimaliza idf.py build inakuandikia mwishoni amri nzima ya esptool (programu ya kuflashi) na anwani zote. Weka esptool kwenye Windows kwa pip, nakili amri, badilisha poti iwe COM3, maliza.

Na siku ukihamia Ubuntu 22.04, kama bodi yako ina chipu ya CH340 (ya kuunganishia USB), utachomeka utaona ttyUSB0 (poti yake kwenye Linux) inakuja halafu inapotea palepale. Usinunue waya mwingine kama mimi (nilinunua miwili). Ni programu ya brltty, ya vifaa vya nukta nundu vya wasioona, inadhani hiyo CH340 ni kifaa chake inaidaka. Kama humtumikii mtu wa nukta nundu itoe kwa apt remove.

#11 chuo_mwaka_wa_3

Dada Mungu akubariki. Nimehamisha kwenda ~/ sasa hivi, nilichokuwa nasubiri dakika 6 kimeisha chini ya moja. COM3 nayo imekubali nje.

#12 kisiki_pembeni

Swali kidogo. Kwa nini msiweke tu VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, yaani VM) na Ubuntu ya zamani? Mi nina VM yangu ya 18.04 tangu enzi, inafanya kazi.

#13 waya_mwekundu

@kisiki_pembeni kama inafanya kazi usiiguse mkuu, sina ugomvi na VM. Mimi yangu ilifika GB 60, na ndani yake nilishaweka vitu vingi kwa mkono hata sijui lini nimeweka nini, mtu akiniambia nipe mazingira yako naanza kuzunguka na hard disk. Dockerfile ni mistari 10 ya maandishi inakaa kwenye git, ukitaka kujua nani aliongeza nini na lini unaangalia.

Pale VM inaposhinda na nakubali: kama skripti ya kiwanda inataka loop, kufanya mount ya imeji (kuifungua kama diski) na mambo hayo, kontena la kawaida linakataa, na hapo watu wanakimbilia `--privileged` (kulipa kontena ruhusa zote). Bora utafute njia ya fakeroot na genimage kama Buildroot inavyofanya, inatengeneza imeji ya kadi bila kumount chochote.

#14 MzeeWaSolda

Hapo kwenye --privileged niacheni niseme maana mimi ndiye niliyechapwa.

Kuna kazi nilipewa miaka kadhaa nyuma, vijana wamenipa kontena lao na skripti ya kuandikia kadi. Docker run, --privileged, na -v /dev:/dev. Mwisho wa skripti dd of=/dev/sda, yaani andika moja kwa moja juu ya diski inayoitwa sda. Kwao ilikuwa sawa kabisa kwa sababu laptopu zao ni za kisasa, diski yao ni nvme0n1, kwa hiyo kadi ukichomeka ndiyo inakuwa sda. Mimi laptopu yangu ni ya wakati wa Kikwete, diski ya SATA. Sda ni diski yenyewe. Kadi ilikuwa sdb.

Mimi nikijiambia niko ndani ya kontena, itaharibu nini. Ikaandika MB 300 za Linux ya ARM mwanzoni mwa diski yangu, ikaniambia done, na ikarudi kwenye prompt vizuri tu. Laptopu iliendelea kufanya kazi hadi jioni, nikazima, nikalala na amani. Asubuhi haiwaki. Picha za harusi ya binti yangu zilikuwa humo, namshukuru Mungu mpiga picha alikuwa na nakala.

Kwa hiyo huyu binti aliyosema, bildi ndani flashi nje, mimi naiunga mkono kwa mikono miwili na diski moja. Na kabla ya dd fanya lsblk (orodha ya diski), tazama ukubwa. Kadi ya GB 16 haiwezi kuwa GB 500.

#15 kisiki_pembeni

Mzee pole sana. "Ikaniambia done" imeniua 😭

#16 pwani_bitbake

Pole mzee wetu. Na niongeze hapo, hata bila --privileged, mtu ukimweka kwenye kundi la docker kwenye seva umempa root, hilo liko wazi. Anaweza kuchomeka / yote ndani ya kontena na kuandika atakavyo. Kwa seva ya ofisini sisi tumehamia Podman isiyo na root kwa sababu hiyo.

#17 sato_na_ugali

Mimi ndiye yule wa Mwanza anayesemwa huko juu. Waya nimekuja kukushtaki hadharani. Dockerfile umenipa sawa, nimeanza docker build, mstari wa kwanza tu:

`toomanyrequests: You have reached your pull rate limit`

Mimi sijavuta hata imeji moja mwaka huu! Nimevuta nini mimi?

#18 waya_mwekundu

Hahaha mkuu hujavuta wewe, wamevuta majirani. Docker Hub (ghala la imeji mtandaoni) tangu Novemba 2020 wameweka kikomo kwa wasioingia na akaunti, na wanahesabu kwa anwani ya IP. Wewe uko kwenye bando la simu, kampuni ya simu inawaweka watu kibao nyuma ya anwani moja, Docker Hub inawaona wote ni mtu mmoja mlafi. Fungua akaunti ya bure, fanya docker login, utahesabiwa wewe kama wewe.

#19 sato_na_ugali

Imekubali. Imeji yenyewe kumbe ndogo, MB 30 hivi. Ila apt (inayoshusha pakeji za Ubuntu) ndio imekula bando, na Buildroot nayo inataka vyanzo vyake. Nina GB 2 za usiku tu. Halafu umeme jana ulikatika Buildroot ikiwa pakeji ya nne, leo naendelea inaniambia faili ni tupu.

#20 waya_mwekundu

Acha, usiendelee. Kwanza hiyo pakeji iliyokatikia umeme, Buildroot ina alama zake za kujua imefikia wapi, umeme ukikata katikati alama inaweza kubaki na faili halipo. Fanya `make jina-la-pakeji-dirclean` uanze hiyo moja tu, usifute vyote.

Pili nakutumia kila kitu kwenye flashi ya USB kwa basi. Imeji naitoa hivi:

`docker save bodi:2004 | gzip > bodi2004.tar.gz`

Wewe ukipokea ni `docker load -i bodi2004.tar.gz`, mtandao hauhitajiki kabisa. Naweka na folda ya dl nzima. SDK naifunga kwa tar, siinakili wazi wazi kwenye flashi maana FAT32 (mpangilio wa mafaili wa flashi) haijui symlink (njia za mkato) wala ruhusa za mafaili, utapokea maiti. Na kwa kuwa FAT32 haibebi faili la zaidi ya GB 4 nimelikata kwa split vipande viwili, unaviunganisha kwa cat.

Na hii nawaambia wote: Dockerfile peke yake siyo akiba. FROM ubuntu:20.04 leo na mwakani inaweza ikakupa pakeji tofauti, na hifadhi za apt za matoleo ya zamani zinahamishwa. Debian Buster ndivyo ilivyokuwa, watu walilala wakaamka apt update inatoa 404, kila kitu kiko archive.debian.org. Ile tar.gz ya docker save ndiyo akiba. Mimi ninayo mahali pawili.

#21 sato_na_ugali

Basi limefika saa 12 asubuhi, flashi nimepokea. Docker load imekubali, make nimeiachia, imeisha kwa saa moja na dakika kama arobaini, mtandao nimezima makusudi. Kiraka sifuri. Nimewasha bodi imewaka.

Ila sasa kuna kitu. Nimechukua md5sum (alama ya vidole ya faili) ya zImage yangu (faili la keneli) na ya kwako uliyoweka kwenye flashi, hazifanani. SDK moja, kontena moja, config moja. Ulisema tutapata kitu kilekile?

#22 waya_mwekundu

Hii nzuri. Fungua /proc/version kwenye bodi utuwekee hapa.

#23 sato_na_ugali

Mbele ya @ hakuna kitu, baada ya @ kuna namba na herufi ndefu sijui ni nini, halafu gcc yao, halafu #1 SMP na tarehe ya leo.

#24 waya_mwekundu

Umeiona mwenyewe. Keneli inaandika ndani yake nani kaibildi, kwenye mashine gani, saa ngapi. Mbele ya @ ni tupu kwa sababu ndani ya kontena huna jina, yale yale ya dada juu pale. Namba ndefu ni kitambulisho cha kontena, kila ukianzisha jipya linapewa kingine. Na saa ndiyo usiseme. Kwa hiyo hata mimi nikibildi mara mbili hapa kwangu nitapata md5 mbili.

Ongeza hivi kwenye docker run, nami naongeza hivyohivyo, wote tuanze na make clean:

```
-e KBUILD_BUILD_USER=visima
-e KBUILD_BUILD_HOST=kontena
-e KBUILD_BUILD_TIMESTAMP="Mon Jan 1 00:00:00 UTC 2024"
```

Tuonane baada ya saa mbili.

#25 MzeeWaSolda

Nasubiri na mimi. Simalizi chai.

#26 waya_mwekundu

Yangu imeisha. Inaanzia 7c1e, inaishia 90ab.

#27 sato_na_ugali

7c1e... 90ab. Nimesoma herufi moja moja, zote 32 ni zilezile 🔥🔥

#28 MzeeWaSolda

Haya, kontena la futi 40 nimelipokea. Nitumieni na mimi hiyo Dockerfile kwa maandishi makubwa.

#29 waya_mwekundu

Iko #1 mzee wangu, nakupigia usiku tuiweke pamoja. @sato_na_ugali flashi yangu narudishiwa lini?

#30 sato_na_ugali

Basi la Ijumaa.

#31 waya_mwekundu

Sawa. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu lakini, na wewe unakaa ziwani.

#32 sato_na_ugali

Kilo ngapi?